Mtu wa Neno Moja

Katika hospitali ya Bicêtre, kusini mwa mji wa Paris, aliishi kwa muda wa miaka 21 mtu aliyekuwa na neno moja. Akiulizwa jina lake alijibu "tan". Akiulizwa anaumwa wapi alijibu "tan, tan", kwani aghalabu alilitamka mara mbili mfululizo, huku mkono wa kushoto ukijaribu kueleza kwa ishara yaliyoushinda ulimi. Furaha yake ilikuwa tan, njaa yake tan, na ugomvi wake na wagonjwa wenziwe ulianza kwa tan ukaishia kwa tan. Watu wa hospitali wakalitwaa neno lile wakamwita kwalo, na jina alilopewa na wazazi wake likafifia, kama yanavyofifia majina mengi mbele ya lakabu.

Jina hilo lilikuwa Louis Victor Leborgne. Alizaliwa mwaka 1809 katika mji mdogo wa Moret, baba yake akiwa mwalimu wa shule. Tangu ujana alikuwa na kifafa, lakini maradhi hayo hayakumzuia kushika kazi: alichonga vibao vya umbo la mguu, vile ambavyo washona viatu huvalisha ngozi wakapata kipimo. Alipofika umri wa miaka 30 maneno yakamtoka. Kama yalimtoka polepole au kwa ghafla, hapana aliyeandika. Miaka kumi baadaye mkono wake wa kulia ulianza kupooza, kisha na mguu wa kulia, hata akawa mtu wa kitandani. Wenziwe wodini hawakumpenda. Walimwona mchoyo, mwenye kisirani na kisasi, na wengine walimtuhumu wizi. Mwenye neno moja atajiteteaje?

Tarehe 11 Aprili 1861 alihamishiwa katika wodi ya upasuaji, mguu wake wa kulia umevimba na kuoza. Aliyempokea alikuwa Paul Broca, daktari mpasuaji aliyeshughulika pia na elimu ya maumbile ya binadamu. Mguu ule ulikuwa umekwisha kupita hatua ya kutibika. Broca angeweza kuufunga kidonda chake akamwacha angoje siku yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaanza kumuuliza maswali.

Alimuuliza amekaa Bicêtre kwa miaka mingapi. Leborgne akakikunjua kiganja cha kushoto mara nne, vidole vyote vitano, kisha akainua kidole kimoja. Ishirini na moja. Siku ya pili Broca akauliza swali lilelile, akapata jibu lilelile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa akatambua kwamba anajaribiwa kama mtoto wa chuoni. Akaghadhibika, na katika ghadhabu ile likamtoka apizo zima lenye jina la Mungu ndani yake, maneno ambayo kwa hiari yake asingeweza kuyatamka hata kidogo.

Mtu mwenye kughadhibika kwa kuulizwa mara tatu hana upungufu wa akili. Leborgne alizijua hesabu, aliweza kusoma saa, na maneno ya wengine aliyasikia na kuyafahamu. Kilichokatika kilikuwa daraja baina ya neno lililo ndani na ulimi ulio nje. Broca aliliona hilo kwa macho na kwa subira tu, kabla hajashika kisu.

Leborgne alifariki tarehe 17 Aprili, siku sita tu baada ya kukutana na daktari wake. Kesho yake Broca aliupeleka ubongo wake mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris. Katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto, palikuwa na pengo linaloweza kupokea yai la kuku. Mwaka huohuo akampata mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aitwaye Lelong, aliyebakiwa na maneno matano: ndiyo, hapana, daima, jina lake mwenyewe lililopotoka, na "tatu", nalo alilitamka kwa kasoro. Hilo la tatu alilitumia kwa kila hesabu. Alipoulizwa ana watoto wangapi alisema tatu na kuinua vidole vinne. Alipoulizwa wa kiume wangapi alisema tatu na kuinua viwili. Vidole vilisema kweli, ulimi ukasema uwezalo. Alipokufa, ubongo wake nao ulikutwa na dosari palepale mbele, kushoto. Tangu hapo pakaitwa eneo la Broca, na kwa zaidi ya karne nzima vitabu vikafundisha kwamba hapo ndipo nyumbani kwa usemi.

Broca aliziweka bongo hizo mbili katika pombe kali bila ya kuzikata, ingawa kuzikata kungemwonyesha mengi zaidi. Aliwaachia watakaokuja baadaye. Huenda hiyo ndiyo hekima yake kubwa kuliko zote, kwani waliokuja baadaye walikuja na macho ambayo yeye hakuyaota.

Hamu ya kuuona ubongo ukifanya kazi ndani ya mtu aliye hai haikuanza na mashine. Huko Italia, katika karne hiyohiyo ya 19, Angelo Mosso alimchunguza mkulima aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa na tundu lililoachwa na jeraha. Kupitia tundu hilo mapigo ya damu ya ubongo yaliweza kupimwa. Siku moja kengele za kanisa zililia adhuhuri, na mapigo yale yakapanda ingawa yale ya mkono yalikaa kama yalivyokuwa. Mosso akamuuliza kama kengele zimemkumbusha sala ya wakati huo. Bertino akaitikia, na mapigo yakapanda tena. Hapana haja ya kumweleza mtu wa mwambao maana ya sauti inayotoka mbali ikamgusa mtu ndani kabla hajafungua mdomo. Mosso aliiona kazi hiyo ikiandikwa na damu.

Ilipogunduliwa eksirei mwaka 1895, mifupa ilionekana wazi, lakini ubongo, kwa ulaini wake, ulibaki kivuli. Ilibidi kungoja hadi tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipolazwa katika mashine ya Godfrey Hounsfield katika hospitali moja ya London. Mashine hiyo iliuzunguka ubongo kwa eksirei, na kompyuta ikaupanga pande kwa pande kama mkate uliokatwa. Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amekwisha kuifanya hesabu ya jambo hilo kwa njia yake.

Kisha ikaja mashine ya sumaku, iitwayo MRI, iliyowapa Paul Lauterbur na Peter Mansfield tuzo hiyohiyo mwaka 2003. Siri yake imo katika maji. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji mna hidrojeni, ambayo kila kiini chake ni mfano wa sumaku ndogo. Mtu akilazwa katika sumaku yenye nguvu makumi ya maelfu ya mara kushinda ile ya dunia, viini hivyo huelekea upande mmoja, kama dira za majahazi mengi yaliyo katika bandari moja. Mawimbi ya redio huvipotosha kidogo. Navyo vinaporejea hutoa ishara, na kwa ishara hizo kompyuta huchora.

Mwaka 1990, Seiji Ogawa, mwanasayansi wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu mpya hupelekwa pale kwa wingi kupita hata kiasi kinachotakiwa. Miaka miwili baadaye njia hiyo ilikwisha kutumiwa kwa binadamu. Fuvu likabaki zima, ngozi haikuguswa, na bado ikaonekana mahali ambapo damu inakimbilia mtu anapoangalia taa, anapokunja kidole, au anaposikiliza kisa.

Basi bongo mbili za Paris zikatolewa katika vyupa vyao. Watafiti wakiongozwa na Nina Dronkers wa Marekani, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walizipitisha katika mashine ya sumaku, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona. Jeraha la Leborgne lilikwenda ndani mbali sana kuliko Broca alivyoweza kuona kwa nje. Lilikuwa limekata hata nyuzi ndefu zinazounganisha mbele ya ubongo na nyuma yake. Aidha, eneo ambalo leo huitwa la Broca si lile hasa lililoharibika katika ubongo wa Lelong. Ni sehemu yake ya nyuma tu iliyoguswa. Nyumba ya usemi haikuwa chumba kimoja. Ilikuwa mji wenye njia nyingi, na kwa Leborgne njia ndizo zilizokatika.

Hayo ndiyo mafanikio ya picha. Lakini mpenzi wa ushairi anayo sababu ya kuuliza picha hizi ni za nini hasa, kwani neno lenyewe, taswira, yeye alikuwa nalo kabla ya mashine. Mshairi anapomwita mpenziwe lulu, hapana msikilizaji anayekwenda kumtafuta ndani ya chaza. Taswira inaelekeza, haidai kuwa ndiyo kitu chenyewe. Picha ya ubongo iliyopakwa wekundu na manjano, kama zinavyochapishwa magazetini, nayo ni taswira ya namna hiyo. Rangi zile hazimo kichwani mwa mtu. Mtafiti hupima ubongo katika hali mbili, tuseme mtu anaposikiliza maneno na mtu anaposikiliza kelele tupu, akaondoa moja katika nyingine, na palipobaki tofauti ya kutosha akapatia rangi aliyoichagua mwenyewe.

Tena kinachopimwa ni damu, nayo ni mjumbe mzito wa miguu. Wazo hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Damu hufikia kilele chake baada ya sekunde tano au sita. Kijichumba kimoja cha picha, chenye milimita tatu kila upande, hukusanya mamia ya maelfu ya chembe za neva kati ya bilioni 86 zilizomo ubongoni. Ni kama kuutazama mji usiku kutoka baharini: taa zitaonyesha mtaa ulio macho, lakini havisikiki vilio wala vicheko vya nyumba hata moja.

Na taa nyingine ni za uongo. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake huko Marekani walimlaza katika mashine ya sumaku samaki mmoja aina ya salmoni. Wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali, wakamtaka aeleze wanahisi nini. Samaki yule alikuwa amekwisha kufa. Hata hivyo, hesabu zilipofanywa kwa njia ya mkato iliyokuwa ikitumiwa na wengi, vijichumba kadhaa vya ubongo wake viliwaka. Sababu yake mvuvi hataona ugumu kuifahamu. Ubongo katika picha hugawanywa vijichumba maelfu na maelfu, na mwenye kutupa jarife mara maelfu hakosi kuvuta siku moja kitu kinachofanana na samaki. Hesabu ziliposahihishwa ipasavyo, mwanga ule ulizimika. Watafiti hao walipewa mwaka 2012 tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Waliofikiri, walifikiri kweli, na wengi wakarekebisha hesabu zao.

Baada ya samaki aliyekufa akaonekana kuwa hai, inafaa kumtazama mtu aliyekuwa hai akadhaniwa hayupo.

Mwezi wa Julai 2005, huko Uingereza, msichana wa miaka 23 aliumia vibaya kichwani katika ajali ya barabarani. Alipotoka katika usingizi mzito wa siku za mwanzo, alifungua macho, akalala na kuamka kwa nyakati, lakini hakumwitikia mtu. Kwa miezi mitano hakuonyesha dalili hata moja ya fahamu. Kitabibu hali hiyo ina jina, na kwa jamaa ina maana moja: mwili upo, mwenyewe ameondoka. Adrian Owen na wenzake wa Cambridge wakamwingiza katika mashine ya sumaku.

Kwanza walimsomea sentensi. Baadhi yake zilikuwa nyepesi, na nyingine zilijengwa kwa maneno yenye maana mbili. Kiswahili kina utajiri wa maneno hayo, na washairi wamelishwa nayo tangu kale. Mtu akisikia "paa" hana budi kusimama kidogo apime kama ni mnyama wa mwituni, au kipaa cha nyumba, au kitendo cha ndege, au kazi ya mpishi anayeondoa magamba. Kusimama huko kidogo ndiyo kazi ya akili, na kunamgharimu msikilizaji juhudi ambayo mashine inaweza kuiona. Sentensi zenye maneno ya namna hiyo ziliposomwa, ubongo wa msichana yule uliongeza kazi upande wa kushoto, mbele, chini, jirani na pale Broca alipopaonyesha mwaka 1861. Ulifanya kama zifanyavyo bongo za watu wazima wa afya.

Kisha wakamwomba. Hapa ndipo palipo uzito, kwa kuwa kusikia kunaweza kuwa kazi ya ubongo pasi na mwenyewe, lakini kukubali ombi ni kazi ya mtu. Walimwambia ajifikirie anacheza tenisi, asiache mpaka aambiwe apumzike. Walimwambia tena ajifikirie anatembea nyumbani kwao, chumba kwa chumba. Alipoambiwa tenisi, iliamka sehemu inayopanga mwendo wa viungo. Alipoambiwa nyumba, ziliamka sehemu zinazojua mahali na njia. Kila mara kazi iliendelea kwa sekunde 30, na ikakoma alipoambiwa akome. Wapo wanasayansi waliosema kwamba huenda maneno yenyewe yaliziamsha sehemu hizo bila ya hiari yake. Wakajibiwa kwamba neno lililosikika mara moja hufifia baada ya muda mfupi, wala halikai nusu dakika likisubiri ruhusa ya kuondoka.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walikuwa wakionya juu ya watu wanyamavu, wala hawakufikiria mashine. Hata hivyo mwaka 2006 methali hiyo ilipata maana nyingine.

Miaka minne baadaye, watafiti wa Cambridge na Liège, nchini Ubelgiji, walichapisha habari za wagonjwa 54 wa hali zinazokaribiana na hiyo. Watano kati yao waliweza kuigeuza kazi ya ubongo wao walipoombwa. Mmoja wa hao watano akapewa lugha: tenisi iwe ndiyo, nyumba iwe hapana. Akaulizwa maswali sita juu ya maisha yake, kwa mfano kama jina fulani ndilo la baba yake, na majibu aliyoyatoa kwa maswali matano yalikuwa sahihi. Kwa swali la sita hakujibu chochote. Mtu aliyehesabiwa kuwa hayupo alikuwa na msamiati wa maneno mawili, ndiyo na hapana. Leborgne, mwenye neno moja, angemwona ni tajiri.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2024, uliofanywa katika vituo kadhaa vya Marekani na Ulaya, kwa picha za sumaku na kwa vipimo vya umeme wa ubongo. Kati ya wagonjwa 241 ambao pembeni ya kitanda hawakuweza kutii agizo lolote, 60 walilitii ndani ya ubongo wao. Ni mmoja katika kila wanne. Wote hao kuna siku waliyozungukwa na watu wakizungumza juu yao.

Utafiti huohuo una hesabu nyingine isiyotajwa sana, nayo haifai kupitwa. Wapo wagonjwa 112 ambao waliweza kutii maagizo waziwazi, mbele ya macho ya daktari. Mashine iliwatambua 43 tu kati yao. Wengine 69 walikuwa pale, wakisikia na kuitikia, na mashine ikawanyamazia. Basi mashine ikisema yupo, pana haki ya kuamini. Ikinyamaza, hapana haki ya kusema hayupo. Jamaa anayekaa pembeni ya kitanda akamsemesha mgonjwa wake asiyeitikia, akamsomea dua, akampa salamu za nyumbani na habari za mavuno ya karafuu, hafanyi jambo la kipumbavu. Anashika njia ambayo sayansi imeifikia kwa gharama kubwa. Na kwa kuwa mashine hizo ni za thamani ya juu, zimekusanyika katika miji michache, tena zaidi katika nchi tajiri, wagonjwa wengi wa dunia hii hawatakuwa na chombo kingine cha kuwasikiliza isipokuwa jamaa huyo.

Kadiri miaka inavyokwenda, picha zinazidi kusogea karibu na neno. Mwaka 2023, huko Austin, Texas, Jerry Tang, Alexander Huth na wenzao walieleza jinsi walivyowasikilizisha watu watatu hadithi kwa saa 16 kila mmoja, ndani ya mashine, mpaka kompyuta ikajifunza ni mpangilio gani wa damu unaokwenda na maana gani. Baadaye watu hao waliposikiliza kisa kipya, kompyuta ilijaribu kukiandika kwa kuutazama ubongo tu. Mara nyingi maneno hayakuwa yale, lakini maana ilikaribia. Msimuliaji akisema kwamba bado hana leseni ya udereva, kompyuta iliandika kwamba mtu huyo hajaanza hata kujifunza kuendesha.

Mwenye kufanya kazi ya tafsiri atatambua mara moja kilichotokea hapo. Ni tafsiri, na ni ya aina inayojulikana: yenye kushika kiini na kupoteza sauti. Nafsi ya msemaji imepotea, mimi amekuwa yule. Mizani haimo, vina havimo, na yule aliyesita kabla ya kulitamka neno hajaonekana akisita. Kwa habari ya leseni, hasara hiyo ni ndogo. Kwa shairi, hasara hiyo ndiyo shairi. Na pana jambo jingine ambalo watafiti wenyewe walilithibitisha: kompyuta iliyojifunza kwa mtu mmoja haikufaa kwa mwingine, na mtu akikataa, akaamua kuhesabu kimoyomoyo au kujisimulia kisa kingine, haisomi kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mlango wake ungali na komeo upande wa ndani. Itakapokuja mashine isiyohitaji ridhaa, itabidi watu waamue mapema ni nani mwenye ufunguo. Suala hilo si la wanasayansi peke yao.

Kiswahili kimeyagawa mambo haya kwa namna yake tangu zamani. Ubongo ni ule ulio ndani ya fuvu. Akili ni kipaji, fahamu ni kuwapo na kutambua, na siri huwekwa moyoni. Mtu hahesabu kiubongo, huhesabu kimoyomoyo. Daktari atasema moyo ni pampu ya damu, na atakuwa amesema kweli. Lakini kugawa huko kwa maneno kunahifadhi jambo ambalo picha yenye rangi hulisahaulisha: kwamba kujua damu imekwenda wapi na kujua mtu amesema nini ni elimu mbili tofauti, na ya pili haipatikani bila ya kumuuliza.

Makumbusho ya Dupuytren, ulikohifadhiwa ubongo wa Leborgne, yalifungwa mwaka 2016 na hazina zake zikahamishiwa chuo kikuu. Umepigwa picha kwa eksirei za kompyuta na kwa sumaku, umepimwa, umechorwa pande zote; hapana mtu wa zama zake ambaye ubongo wake unajulikana kuliko huo. Ila hapana picha inayoweza kusema "tan" ilikuwa na maana gani. Mwaka 2013 mwanahistoria wa Poland, Cezary Domański, aliyezitafuta hati za ukoo wa Leborgne, alitoa wazo moja. Kule Moret alikozaliwa palikuwa na vinu vya kusaga gome la mwaloni la kudabighia ngozi, kama gome la mkoko lilivyotumika kwa kazi hiyohiyo huku mwambao, na gome hilo kwa Kifaransa huitwa tan. Pengine katika maneno yote, lililosalia ni lile la mlio wa vinu na harufu ya utotoni. Pengine siyo. Ni dhana tu, na mwenye kuithibitisha alifariki zamani.

Linalojulikana kwa hakika ni dogo kuliko hilo, nalo halikutoka katika mashine. Mtu alikaa miaka 21 katika hospitali, akizungukwa na watu kila siku, na katika maandishi yaliyobaki hapaonekani aliyewahi kukaa naye akimhoji kwa subira, mpaka wiki yake ya mwisho. Akaja mmoja akamuuliza, akamtazama mkono, akahesabu vidole. Mara ya kwanza alijibu. Mara ya pili alijibu. Mara ya tatu aliudhika, kwa sababu alikuwa amekwisha kujibu.